Sungura wa Mama Veronika na Kisanduku cha Rangi

Wadogo zangu, mimi nimestaafu. Musicheke. Muntu anastaafu kazi ikimuchosha, hangoji nywele ziwe nyeupe, na kazi ya biro, ofisi ya mujomba Tonton Gaston, imenichosha kiasi cha kutosha miaka kumi na saba yote niliyo nayo. Nilifanya likizo kubwa tatu, Jumatano za muchana na Jumamosi zote. Sasa niko sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari, egzame ya Leta, mutihani wa serikali, imekaa mulangoni kwetu kama mbwa wa jirani, na Tonton amesema kwenye kiti changu atakaa mumoja wenu. Kabla hamujaanza kukipigania (muguu mumoja ni mufupi, munaweka katoni chini yake), someni haya. Mukimaliza na bado munakitaka, basi ni shauri lenu.

Kwanza kazi yenyewe. Watu wanafikiri avoka, yaani wakili, anashinda tribinali, mahakamani, akipiga kelele. Tonton ni avoka, wateja wanamuita Maître, lakini kelele zake anazipigia ndani ya biro, na anayepigiwa ni wewe. Kazi yake ni kusaidia watu kuandikisha alama: jina la sabuni, picha ya mukate, namna ya chupa, ili muntu mwingine asiiibe. Tunatengeneza dosye, faili ya maombi, dosye inaenda Kinshasa, Kinshasa wanailalia, kisha siku moja karatasi inarudi na muhuri, na kwa miaka kumi alama ni yako peke yako. Kuna pia wale wanaotaka jina la mahali lilindwe, muchele wa fulani au asali ya fulani, ili wa kwingine asiuze yake kwa jina hilo. Ni hayo tu. Kazi ingekuwa rahisi kabisa kama watu wasingeingia ndani yake.

Lakini watu wanaingia. Tena wanaingia bila kubisha hodi.

Kuna Papa Zakaria, mwenye furu, tanuri ya mikate. Alitaka alama ya mukate wake iwe picha. Akaleta picha: yeye, bibi yake, watoto wanne wamepangwa kwa urefu, na mama muzee mumoja amekumbatia sakoshi, mukoba wake.

"Huyu wa sakoshi ni nani?" Tonton akauliza.

"Mama mukwe."

"Anapika mukate?"

"Hapana, Maître. Lakini nikimutoa kwa picha, nitalala wapi?"

Dosye ikaenda vile vile, na sakoshi yake. Baada ya miezi mitatu Papa Zakaria akarudi, amebeba katoto kachanga kamefungwa ndani ya taulo. "Maître, huyu naye tumuongeze." Tonton alivua miwani, akaiweka mezani, akasugua macho muda murefu. "Papa Zakaria," akasema, "hii ni alama ya mukate. Ukizaa tena, unaoka tu."

Kuna Papa wa muchele, jina lake nalisahau kwa makusudi. Huyo alitaka karatasi ya kusema muchele wake ni wa Kongolo, kwa sababu ndio unaopendwa.

"Muchele yako inatoka wapi, Papa?"

"Kwa shemeji."

"Shemeji analima wapi?"

"Nyunzu."

"Sasa Kongolo inaingia wapi hapo?"

"Maître, shemeji ni mutu wa Kongolo kabisa. Anakaa tu Nyunzu. Roho yake yote iko Kongolo."

Tonton alimueleza kwa saa nzima kwamba jina la mahali linafuata udongo na maji na mikono ya pale, halifuati roho ya shemeji. Papa alitikisa kichwa kwa heshima sana, akasimama, akaenda kutafuta avoka mwingine. Hao ndio wateja. Mukikaa kwenye kile kiti mutawazoea, au mutakuwa wazimu, mojawapo.

Ya muhimu nawapa upesi. Jiwe lile jeusi la ziwa lililo mezani si pambo. Upepo wa saa nane ukiingia, dosye ambayo haina jiwe inaenda yenyewe Kigoma, ngambo ya ziwa. Kabla ya kupiga picha ya alama, pangusa kamera ya telefoni ya Tonton, anakula samaki kwa mukono ule ule anaoishikia. Usikubali muteja aandike kwamba anauza "vitu mbalimbali", kwa sababu vitu mbalimbali havilindwi na mutu. Na neno lile ambalo Tonton anaanza nalo kila asubuhi: fomu zinaandikwa Kifaransa, basi kabla muteja hajatia sahihi unamusomea yote kwa Kiswahili, kwa sauti, mustari kwa mustari, kisanduku kwa kisanduku. Hata akisinzia. Akisinzia, unamuamsha.

Mimi siku moja sikusoma. Siku moja tu. Njo maana leo nawaandikia badala ya kulala.

Mama Veronika munamujua, yule anayekausha mikebuka, samaki wa ziwa, kwa moshi, mwenye vicheko vinavyosikika mupaka ngambo ya soko. Samaki wake wanapanda treni kwenda Nyunzu na Kongolo, siku treni ikipenda. Kila kitunga chake kinafunikwa majani ya mugomba, kinafungwa kamba, na juu ya kamba anafunga kipande cha kitambaa chekundu. Fundo lake alijifunza kwa mama yake: linatoka na masikio mawili juu na kimukia nyuma. Ukilitazama vizuri ni sungura. Muntu anayefika kwenye kituo cha treni, gare ya Nyunzu, hata kama hajui kusoma herufi moja, haulizi samaki. Anauliza, "Sungura imefika?" Akiona kitu chekundu chenye masikio anabeba, hafungui, hanusi. Mama Veronika alijenga jambo hilo miaka yote ya maisha yake, kitunga kwa kitunga.

Kisha Papa Kasiano, bwana yake, akafariki. Mama akavaa nyeusi mwaka mzima, kama munavyojua. Na kwao, nyumba ikiwa ndani ya kilio, kila kitu kinachotoka nyumbani kwenda kwa watu nacho kinavaa. Basi hata vitunga vyake vikafungwa kitambaa cheusi. Sungura yule yule, masikio yale yale, lakini mweusi. Wateja wa Nyunzu walielewa bila kuambiwa. Walirudisha vitunga vitupu na salamu za pole ndani yake.

Sasa huku soko kuna Papa Donati. Papa Donati anaweka samaki kwenye moshi muda wa kuvuta sigara moja, kwa kuni mbichi, halafu anaita hiyo kukausha. Aliona nyekundu imeachwa bila mutu. Akaanza kufunga vitunga vyake kwa nyekundu, na masikio mawili, na kimukia. Treni ikavipeleka Nyunzu. Huko wakafungua.

Habari iliyorudi ilikuwa fupi: "Mama, tuliheshimu kilio chako. Kumbe umetoa nyeusi kabla ya siku, na samaki yako imeoza."

Mutazame vizuri uchungu uko wapi hapo. Samaki ya kuoza ni aibu, lakini inasemwa na kusahauliwa. Ila mujane kuambiwa kwamba amevua nyeusi kabla ya siku, mbele ya gare nzima, na yeye yuko ndani ya nyeusi mupaka visigino! Mama Veronika aliingia biro siku hiyo bila kicheko. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kitunga kimoja magotini, akasema, "Maître, nataka sungura yangu iandikwe. Wajue ni yangu. Wajue sikumuacha bwana yangu njiani."

Tonton alimuandalia maelezo yote kwa kalamu, kisha akanipa mimi nijaze fomu, kwa sababu mwandiko wake unafanana na mapito ya kuku. Mimi nikapangusa kamera, nikapiga picha ya fundo. Lilikuwa fundo zuri sana. Lilikuwa jeusi. Nikafika kwenye kisanduku kinachouliza rangi gani unadai. Nikatazama picha, nikatazama fundo, nikatazama Mama. Vyote vyeusi. Nikaandika NOIR, nyeusi, herufi kubwa, nikapiga mustari chini yake. Nilijiona mutu wa kazi.

Ilikuwa Jumatano, saa tisa, na saa tisa na nusu tulikuwa na mazoezi ya dansi ya kufunga mwaka, na mimi nilikuwa mbele kabisa ya mustari. Mama alikuwa amechoka. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamuambia, "Mama, iko sawa yote, tia hapa." Akatia. Tonton naye akatia bila miwani, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa ameikalia. Mustari kwa mustari, kisanduku kwa kisanduku, hakuna kilichosomwa. Dansi ilienda vizuri sana, asante kwa kuuliza.

Miezi ikapita. Mama akatoa nyeusi kwa siku yake halali, mbele ya kanisa na ukoo, na kesho yake vitunga vikarudi kwenye nyekundu. Papa Donati hakuacha. Sasa kukawa na sungura wekundu wawili kwenye gare moja, na wa Nyunzu wakaanza kununua kwa mashaka, wakifungua kila kitunga, wakinusa kama polisi. Mama alikuwa anahesabu siku za karatasi. "Karatasi ikija," alikuwa anatuambia kila Jumamosi, "nitamufunga huyo Donati na kamba yangu mwenyewe."

Karatasi ikaja. Muhuri, sahihi, kila kitu. Tonton akaiweka ndani ya plastiki, akavaa tai, tukatoka sote watatu mupaka kwa shefu wa soko. Papa Donati akaitwa. Alikuja akitafuna muhindi.

Tonton akaeleza. Shefu akatikisa kichwa. Donati akaomba aione karatasi. Akapangusa vidole kwa suruali, akaisoma polepole, na nikaona mudomo wake unaacha kutafuna.

"Shefu," akasema kwa upole mubaya kabisa, "hapa wameandika rangi. Wameandika nyeusi. Tena wamepiga mustari chini. Mimi nafunga nyeusi?"

"Hapana," shefu akasema.

"Nafunga nini?"

"Nyekundu."

"Basi Mama iko na nyeusi yake, apewe nyeusi yake yote. Miye nani nimukatalie mujane? Nyekundu mutuachie sisi wenye hatuna kilio."

Watu walicheka. Soko linacheka vibaya, munajua. Tonton alianza kueleza kwamba umbo ni lile lile, kwamba mununuzi anadanganyika kwa masikio na mukia, kwamba mbele ya jaji yeye angeshinda. Ilikuwa kweli yote. Lakini kesi inakula miaka miwili, na samaki anangoja siku tatu. Shefu wa soko alikuwa anaangalia neno moja tu, lile lenye mustari chini. Mama Veronika hakumutazama Tonton. Alinitazama mimi.

Kelele za biro siku hiyo sitaziandika, karatasi ya daftari hii ni nyembamba. Nawapa tu sehemu yenye faida.

"Kisanduku kile unaacha wazi!" Tonton alikuwa anapiga meza, jiwe linaruka. "Wazi! Usipodai rangi, fundo linalindwa kwa umbo lake. Jeusi, jekundu, la maua, la madoa, lote ni lake! Nani alikuambia udai rangi?"

"Kisanduku kiliuliza, Tonton."

"Maître!"

"Kisanduku kiliuliza, Maître."

"Na ulimusomea?"

Nikalisogeza jiwe mahali pake. Akachukua kopi ya fomu ili anioneshe kosa langu kwa kidole, kidole kikashuka, kikashuka, kikafika kwenye sahihi yake mwenyewe. Akaifunika kopi kwa jiwe. Tukakaa hivyo, wasomi wawili, tukilitazama jiwe.

Rangi haifutwi kwa kalamu, karatasi ikishatoka imetoka. Dawa ni dosye mpya, bila rangi, ingoje tena miezi yake Kinshasa. Tonton aliianza jioni ile ile. Mimi nikatumwa nikamuambie Mama. Peke yangu. Hiyo ndiyo adhabu, na mukiharibu kitu mutapewa hiyo hiyo, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya kumeza mate.

Nilimukuta nyuma ya nyumba, kwenye moshi, anageuza mikebuka. Nilisema yote. Hata dansi nilisema. Nilingoja anitupie samaki.

Aliendelea kugeuza. Kisha akauliza, "Hiyo karatasi inasema nyeusi ni ya nani?"

"Yako, Mama."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

"Hata Kongolo?"

"Inchi nzima, Mama."

"Eh," akasema. "Shika hii." Akanipa samaki mumoja, akaingia ndani.

Treni iliyofuata ilibeba sungura weusi.

Ukoo ukawaka. Wifi yake alikuja soko kifua mbele. "Veronika, ulitoa nyeusi mbele ya kanisa, sisi tulikula muchele wa siku hiyo, leo unairudisha! Kwani nani amekufa tena? Unamuita nani afe?" Mama akamujibu, "Wifi, miye nimetoa. Samaki njo bado wanalia." Wifi akaenda kumushitaki kwa pasteur. Pasteur akasema atafikiri. Mupaka leo anafikiri.

Huko Nyunzu, nilivyosimuliwa na muntu wa treni, wanunuzi waliona nyeusi wakatulia kama waliokuta muntu wa nyumbani. Nyeusi waliijua. Mwaka mzima wa kilio, samaki wa nyeusi hakuoza hata mara moja. Walibeba vitunga vyeusi vyote, hawakufungua, hawakunusa. Vyekundu vya Donati vilibaki chini ya paa la gare na nzi wake.

Papa Donati si mujinga. Wiki ya pili alijisahaulisha karatasi ya Mama, akanunua kitambaa cheusi. Lakini yeye hajui kufunga fundo, anayefunga ni bibi yake, Mama Neema, na meza yao iko mbele ya choo cha soko, mahali ambapo sote tunapita. Tulisikia.

"Nyeusi?" Mama Neema alisema. "Kwangu? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Ni biashara. Funga tu."

"Nifunge nyeusi kwa muzigo wangu na watoto wangu wote wazima? Unataka kilio kifuate kitambaa mupaka nyumbani?"

"Mama Neema, watu wanatuangalia."

"Waangalie! Ukitaka nyeusi, Donati, anza kulala hapa chini kwanza. Ukishakauka, nitafunga."

Soko lilicheka tena, safari hii upande muzuri. Papa Donati alizunguka na kile kitambaa kwapani siku tatu, akitafuta mutu wa kumufungia. Hakumupata. Hakuna mutu hapa Kalemie atafunga nyeusi kwenye muzigo wake na nyumbani kwake hakuna aliyekufa, hata umupe nini. Tonton alisoma sheria miaka mitano na hakufikiria hilo. Mimi ndiyo kabisa.

Musidhani nimeokoka kwa hiyo. Dosye mpya bado iko Kinshasa, wameilalia kama kawaida, na mimi niliiandika upya mara nne kwa mukono kwa sababu Tonton alitaka kuona kisanduku cha rangi kiko wazi mara nne. Nyinyi mutakaochukua kiti, hiyo karatasi ikirudi njo mutaipokea. Mutaita Mama Veronika. Mutamusomea yote kwa sauti, hata sehemu ya anwani. Mukisahau nitajua.

Siku yangu ya mwisho biro, Mama alipita kuleta kitunga cha samaki kwa ajili ya Tonton. Alikuwa na nyekundu kuanzia kichwani mupaka viatu, kitenge kipya, kilemba kimesimama juu kwa masikio mawili. Kicheko chake kilifika kabla yake. Kitunga alichobeba kilikuwa kimefungwa nyeusi. Yeye arusi, samaki kilio.

Tonton akakohoa kidogo, akavaa miwani. "Mama Veronika, usiwe na wasiwasi. Ile mpya ikitoka, rangi yoyote itakuwa yako. Utarudisha nyekundu kwa vitunga, na marehemu atapumzika."

Mama aliketi, akafungua kitunga, akatutolea samaki mumoja mumoja, akajipangusa mikono.

"Apumzike kazi gani, Maître? Papa Kasiano tulikaa miaka ishirini na mbili. Hakunibebea hata kitunga kimoja mupaka gare, hata siku ya mvua." Akanigeukia. "Wewe wa dansi. Karatasi ile ya nyeusi ni ya miaka mingapi?"

"Kumi, Mama."

"Kumi tu." Akasimama, akanyoosha kitenge chake chekundu. "Basi acha abebe."